Namba ya bismuti na fotokopi yetu ya maneno

Mwezi uliopita niliwasilisha rasimu ya sura ya pili ya memwari yangu, nikaambiwa kwamba nimekosea kusikia. Nilikuwa nimeandika kwamba katika Kiswahili cha hapa Lubumbashi, kitenzi «kuuza» maana yake ni kutoa pesa na kupokea kitu, yaani kile ambacho Kiswahili sanifu kinaita kununua; na kwamba mwenye kitu, anayepokea pesa, yeye «anauzisha». Lakini orodha ya maneno ambayo wengi wetu tunaitumia, ile fotokopi isiyo na jalada inayopita kutoka promosheni hadi promosheni, inasema kuuza ni «vendre», na basi. Nikaulizwa: wewe ni nani hata ubishane na orodha?

Siku ile sikuwa na jibu. Nimelipata mahali ambapo sikulitazamia. Ndugu yangu ninayelala naye chumba kimoja anasoma fizikia, na alipokuwa akijiandaa kwa mtihani aliniomba nimsikilize akirudia somo lake kwa sauti. Somo lenyewe lilikuwa namna ya kupima sumaku iliyomo ndani ya kiini cha atomi ya metali nzito. Nilianza kusikiliza kwa heshima tu. Baada ya nusu saa nilikuwa naandika.

Nawaomba wasomaji wanivumilie, kwa sababu tutapita kwenye atomi kabla ya kurudi sokoni. Rai yangu naitanguliza: data isiyosema ilichukuliwa katika mazingira gani haijawa data bado, na kitivo chetu kingepaswa kuikataa, iwe imepigwa chapa au haijapigwa.

Bismuti ni jirani wa risasi katika jedwali la elementi. Ni metali nzito, na wengine wetu tumeimeza bila kujua, maana imo katika baadhi ya dawa za tumbo. Kiini chake kina protoni 83 na nyutroni 126, na kwa asili ina isotopu moja tu, bismuti-209. Kiini hicho ni kama sumaku ndogo. Nguvu ya sumaku hiyo ndiyo wanafizikia wanaiita momenti ya sumaku ya kiini. Hakuna anayeweza kushika kiini akakipima mkononi. Inabidi kuwauliza wanaokaa karibu nacho, yaani elektroni, na elektroni hujibu kwa mwanga.

Atomi ikipashwa moto hutoa mwanga, na mwanga huo ukitawanywa na chombo hautoi upinde kamili wa rangi. Unatoa mistari michache iliyotengana. Kila mstari ni elektroni inayoshuka kutoka ngazi moja ya nishati hadi nyingine. Mwishoni mwa karne ya 19, vyombo vilipokuwa vizuri zaidi, ilionekana kwamba mistari mingine iliyodhaniwa kuwa mmoja ni kadhaa iliyosongamana. Albert Michelson aliyaona hayo tayari mwaka 1891. Sisi wa lugha za Kiafrika tunalielewa jambo hili upesi. Mgeni husikia neno moja, mwenyeji husikia mawili, kwa sababu toni ni mbili. Mawili hayo yalikuwapo tangu mwanzo, sikio la mgeni ndilo halikuwa tayari.

Mwaka 1924 Wolfgang Pauli alipendekeza sababu ya mpasuko huo: kiini chenyewe ni sumaku. Elektroni nayo ina sumaku yake. Sumaku mbili zilizo karibu hazina nishati ileile zikielekeana na zikipeana mgongo, basi ngazi moja ya elektroni inapasuka kuwa ngazi ndogondogo zinazokaribiana sana. Huo ndio unaoitwa muundo laini mno wa mistari. Bismuti ikawa mfano wa darasani, maana mipasuko yake ni mipana. Mwaka 1927 na 1928 Ernst Back na Samuel Goudsmit waliichambua mistari yake, wakaiweka hata ndani ya sumaku kali, ambamo kila sehemu ilipasuka tena vipande 10. Vipande 10 vinamaanisha kwamba sumaku ya kiini ina namna 10 za kuelekea, na hapo spini ya kiini ikajulikana kuwa 9/2. Walihesabu tu, kama sisi tunavyohesabu fonimu kwa jozi za maneno.

Kuhesabu ni sehemu rahisi. Ugumu unaanza ukitaka kujua nguvu ya sumaku yenyewe, kwa sababu nguvu hiyo haimo katika idadi ya mistari. Imo katika upana wa nafasi kati yao. Na upana huo ni zao la vitu viwili: momenti ya kiini, mara nguvu ya sumaku ambayo elektroni zinaifanya pale kiini kilipo. Ni kama kuambiwa kikapu kizima ni franka elfu sita bila kuambiwa kina nyanya ngapi wala nyanya moja ni bei gani. Lazima ujue kimoja ndipo upate cha pili. Kwa atomi yenye elektroni 83, kukokotoa sumaku ya elektroni kwa usahihi ni kazi inayowachosha hata wenye kompyuta kubwa.

Kwa hiyo wapimaji hupita njia ya nyuma. Wanachukua isotopu moja iliyo imara, wanaiweka ndani ya sumaku ya maabara ambayo nguvu yake wanaijua, na wanasikiliza kiini kinaitika kwa frikwensi gani. Hiyo ni resonansi ya sumaku ya kiini, mbinu iliyozaa mashine za IRM za hospitali. Wakishapata momenti ya isotopu hiyo, inakuwa marejeo. Isotopu nyingine za metali hiyo, zile zinazooza haraka, hupimwa kwa kulinganisha mipasuko yao na ya ndugu yao anayejulikana. Uwiano unaweza kuwa sahihi sana. Lakini namba ya marejeo ikiwa na kosa, kosa hilo linarithiwa na ukoo mzima.

Nasi tunafanya hivyohivyo. Tunachukua orodha moja ya maneno kuwa marejeo, tunapima lahaja tano kwa kuzilinganisha nayo, na hakuna anayeuliza orodha yenyewe ilipimwa wapi.

Mbinu hiyo ya sumaku ya maabara ina mtego wake, na mtego huo ulijulikana mapema. Mwaka 1950 Warren Proctor na Fu Chun Yu walikuwa wakipima kiini cha nitrojeni katika nitrati ya amonia. Walitazamia mwitiko mmoja, wakapata miwili. Kiini kilikuwa kilekile, lakini katika kemikali ile nitrojeni imevaa nguo mbili: sehemu moja imezungukwa na hidrojeni, nyingine na oksijeni. Elektroni za jirani ni kama mwavuli juu ya kiini, na kila mwavuli una kivuli chake. Hata kobalti, metali ambayo sisi watoto wa Katanga hatuhitaji kutambulishwa, ilionekana kuitika kwa frikwensi tofauti kulingana na kemikali iliyomo. Tangu hapo kila mpimaji alijua kwamba hapimi kiini kitupu. Anapima kiini na nguo zake, kisha anatoa hesabu ya nguo.

Bismuti ilipimwa kwa njia hiyo katika miaka ya 1950, ndani ya myeyusho wa nitrati ya bismuti. Hesabu ya nguo ikatolewa kwa nadharia, na namba ikaingia katika majedwali: magnetoni za kiini 4.1106, na shaka ya 0.0002 tu. Namba nzuri, nyembamba, yenye tarakimu nyingi. Watu waliinukuu kwa miongo kadhaa.

Huko Darmstadt, Ujerumani, kuna maabara ya GSI yenye pete ya chuma ambamo ioni nzito zinazungushwa. Mwaka 1994 watafiti wake walichapisha kipimo cha mpasuko wa bismuti iliyovuliwa elektroni zote isipokuwa moja. Baadaye wakapima pia ile iliyobakiwa na elektroni tatu. Ioni zilikuwa zikikimbia kwa asilimia 71 hivi ya mwendo wa mwanga, na leza ikizimulika. Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu elektroni moja au tatu zinaweza kukokotolewa vizuri kuliko 83, na karibu na kiini kizito vile sumaku ni kali kupita chochote tunachoweza kutengeneza. Ni mahali pazuri pa kujaribu elektrodinamiki ya kwanta, nadharia ya elektroni na mwanga.

Palikuwa na kikwazo kimoja: hakuna ajuaye vizuri jinsi sumaku ilivyotandazwa ndani ya kiini chenyewe. Vladimir Shabaev na wenzake walikuwa wamependekeza hila mwaka 2001. Pima kiini kilekile katika nguo mbili, elektroni moja na elektroni tatu, kisha uyatoe matokeo moja kwa jingine kwa uwiano maalumu, hata lile usilolijua lijifute lenyewe. Kinachobaki unaweza kukilinganisha na nadharia.

Kipimo cha 2011 kilikuwa na shaka iliyotokana na volteji ya mashine, basi mwaka 2014 wakarudia kazi, safari hii volteji ikipimwa kwa chombo bora. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Nadharia ilisema -61.320 milielektronivolti, pete ikasema -61.012. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ilizidi shaka ya kipimo mara saba. Wengi wangependa kusikia kwamba nadharia kubwa imevunjika. Wengine wangesema kwamba wa pete wamekosea kusikia.

Mwaka 2018 jibu lilitoka, nalo halikuwa hilo wala lile. Leonid Skripnikov na wenzake walirudi kwenye namba ya jedwali. Walikokotoa upya kivuli cha elektroni katika ule myeyusho wa nitrati, wakaona kwamba maji na asidi vinavyoizunguka ioni ya bismuti vina athari kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Tena walipima bismuti katika nguo nyingine kabisa, ioni ambamo bismuti moja imezungukwa na florini sita kwa mpangilio nadhifu unaokokotoleka vizuri. Namba mpya ikawa 4.092. Ukiiweka hiyo katika hesabu, nadharia na pete vinapatana. Kiini hakikuwa na kosa, nadharia haikuwa na kosa, leza haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika namba ambayo kila mtu aliiamini kwa sababu iko katika jedwali, na chanzo chake kilikuwa mazingira yaliyohesabiwa vibaya.

Mambo mawili katika habari hii yamenikaa moyoni. La kwanza ni shaka ya namba mpya: 0.002. Ni kubwa mara kumi kuliko ya zamani. Wanasayansi hawa walisonga mbele kwa kukubali kwamba wanajua kidogo kuliko jedwali lilivyojidai. La pili ni kwamba waliweza kurudi nyuma zaidi ya miaka hamsini kwa sababu wapimaji wa kale waliandika walichopima: nitrati ya bismuti, ndani ya myeyusho. Wangaliandika «bismuti, 4.1106» na kufunga daftari, hakuna ambaye angejua pa kutafuta kosa.

Sasa twende sokoni.

Nilikwenda kwa mama mmoja anayeuza unga wa mahindi. Nilikuwa nimevaa shati la shule, daftari mkononi, nikamsalimu kwa adabu na kumuuliza kazi yake kwa Kiswahili changu cha kitivo. Akanyoosha mgongo, akajibu: «Ninauza unga, mwanangu.» Nikaandika. Haikupita dakika, mwenzake wa meza ya pili akamuuliza mambo yanaendaje. Bila kunitazama akasema: «Niko nauzisha bunga tangu asubui, lakini leo batu habauzi.» Mtu wa Dar es Salaam akisikia hayo ataelewa kwamba watu leo wanakataa kuuza. Mama alisema kwamba watu hawanunui. Mdomo ni uleule, meza ni ileile, kitenzi ni kilekile, na maana mbili zilizopeana mgongo.

Kama ningeondoka baada ya jibu la kwanza, ningekuwa na data safi inayokubaliana na fotokopi. Na nisingekuwa nimesema uongo. Mama kweli alitamka «ninauza». Lakini alitamka mbele ya daftari, na daftari lina kivuli chake.

Ndiyo maana sisemi kwamba fotokopi yetu inadanganya. Huenda aliyeikusanya aliwauliza walimu wa shule, nao wakamjibu kama walimu. Huenda aliuliza kwa Kifaransa «comment dit-on vendre?», na swali la namna hiyo huita jibu la shuleni. Hatuwezi kujua, kwa maana orodha haisemi nani aliulizwa, wapi, kwa lugha gani, wala nani mwingine alikuwa akisikiliza. Ni «bismuti, 4.1106» na daftari limefungwa.

Najua nitapingwa. Pingamizi la kwanza ni kwamba atomi si mtu: haina aibu, haijali daftari. Ni kweli. Sumaku ya bismuti haibadiliki kwa sababu ya asidi. Kinachobadilika ni kile kinachotufikia. Kwa mama wa sokoni, mazingira yanaingia ndani ya lugha yenyewe: Kiswahili cha mbele ya daftari nacho ni Kiswahili chake, anakimiliki, ana sababu ya kukitumia. Lakini hoja hiyo inaongeza mzigo wetu, haiupunguzi. Ikiwa hata wapimaji wa kitu kisicho na aibu wanalazimika kueleza kilivaa nini, sisi tunaopima watu tutajitetea vipi?

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na walimu wetu wana haki ya kulitoa. Ukimruhusu mwanafunzi kubishana na kilichochapishwa, kila mvivu atasema orodha imekosea na kwamba yeye ndiye Darmstadt. Jibu langu ni kwamba watu wa Darmstadt hawakuanza kwa kulitupa jedwali. Walianza kwa kushuku chombo chao wenyewe, volteji, wakarudia. Nami nilijishuku kwanza. Nimerudi kwa wauzaji sita, kila mmoja mara mbili, mara moja kwa maswali na daftari, mara moja nikiwa nimekaa pembeni kwa ruhusa yao huku kinasa sauti kikiwa mezani. Sita ni wachache. Lakini ni zaidi ya sifuri, na sifuri ndiyo idadi ya watu ambao fotokopi yetu inawataja.

Ninachoomba kwa kitivo ni mambo matatu. Kila neno katika kiambatisho cha TFC au memwari liandikwe pamoja na nguo zake: aliyesema, mahali, swali lililoulizwa na lugha ya swali, na waliokuwa wakisikiliza. Kila data inayobeba hoja ipimwe katika mazingira mawili angalau, kwa maana tofauti kati ya mawili hayo mara nyingi inafundisha kuliko kila moja peke yake. Na rekodi zihifadhiwe kitivoni, hata kwenye diski moja tu yenye daftari la orodha, badala ya kufia katika simu zetu tukishapata diploma. Haya hayahitaji pete ya chuma wala leza, na gharama yake ni ndogo: kurasa kadhaa zaidi, na kukubali kwamba namba zetu zitakuwa na shaka kubwa kuliko zamani.

Mimi nimeanza na sura yangu. Sikufuta «kuuza», wala sikufuta kile fotokopi inachosema. Nimeyaandika yote mawili, kila moja na mahali lilipotoka, na chini yake nimeandika kwamba wasemaji ni sita, wa soko moja, na kwamba siwezi kusema lolote kuhusu Likasi au Kolwezi.

Nitaiwasilisha tena wiki ijayo. Fotokopi nitaibeba pia. Anayejua ilikotoka, nani aliikusanya na nani aliulizwa, namwomba anitafute kabla ya siku hiyo. Ningependa kuiandikia mazingira yake, nayo iwe data.